Nimevaa Sweta Arabuni, Mwezi wa Nane

Assalaam aleikum, wenzangu wa Unguja, Pemba, Tanga, Mombasa, na nyie wengine mlioko huko mliko. Msinambie kamera mbovu. Kamera nzima, na kioo nishakifuta mara tatu. Huu weupe mnaouona nyuma yangu ni ukungu. Nyuma ya ukungu kuna mlima, na mlimani kuna ng'ombe, siwaoni lakini nawasikia wakilia. Na mwenzenu, kama mnavyoniona, nimevaa sweta. Mwezi wa nane, Bara Arabu, sweta!

Nipo Salalah, kusini kabisa mwa Oman, mkoa wa Dhofar. Mnaonifuatilia siku zote mnajua mie naishi Maskati, na kiangazi cha Maskati nishakulilieni hapa mpaka mkachoka. Lakini kwa wageni nirudie kidogo. Kule tanki la maji liko juu ya paa, jua linalichemsha kutwa. Basi kiangazi tunazima hita ya chooni, maji yakae mle ndani yapoe, tukaoge kwa maji ya hita. Yaani bomba la moto ndilo la baridi, na bomba la baridi likikugusa utaruka. Iko mji unaitwa Qurayyat, pwani vilevile, si mbali na Maskati. Tarehe 26 Juni 2018 joto la pale halikushuka chini ya digrii 42.6 mchana na usiku. Usiku jamani! Mtu utalala vipi?

Sasa hapa nilipo simu inanambia 24.

Tumekuja kwa gari, kama kilomita elfu moja, na njia yenyewe ni jangwa. Ukishapita mji wa Adam, ni nyoofu tu, mchanga kulia, mchanga kushoto, mpaka Haima, mpaka Thumrait. Thumrait tulishuka kutia mafuta, kipima joto cha gari kinasema 40. Tukaanza kuupanda mlima, bado mawe matupu. Tukafika mgongoni, na pale, wallahi, kama mtu kavuta pazia. Ukungu ukatumeza. Kioo kikaanza manyunyu, kipima joto kikashuka mbele ya macho yetu, 33, 28, 25, na pembeni majani mabichi, mabichi yale ya Pemba. Upande mmoja wa mlima jiwe kavu, wa pili malisho. Mume wangu akazima kiyoyozi, akateremsha kioo, akanyamaza. Mwanamme yule hanyamazi hata akiwa na homa.

Wenyewe msimu huu wanauita khareef, unahesabiwa tangu tarehe 21 Juni hadi kwenye ishirini na kitu Septemba. Ukiisha, Salalah inarudi kuwa pwani ya joto kama pwani nyengine. Mwezi wa tano hapa watu hutoka jasho kama kawaida.

Jana usiku nikampigia mama, nikamwonesha kwa video. Nikamwambia, mama, baridi hii sijui inatoka wapi. Akaniangalia, akasema, "Si kusi hiyo, mwanangu. Na huku inavuma." Nikacheka. Baadaye nikakaa nikafikiri, mama yangu kasema kweli tupu. Upepo huu ni ule ule wa kusi unaowapigeni huko na kuwaletea kipupwe. Unapita pwani ya Kenya, unaambaa na Usomali ukizidi nguvu, halafu unapinda kuja huku. Ukifika unayasukuma maji ya juu ya bahari yaende mbali na pwani, na maji ya chini, ya baridi, yanapanda kushika nafasi yake. Hewa yenye unyevu ikipita juu ya maji yale inapoa, inageuka ukungu. Huko juu zaidi kuna hewa ya moto na kavu ya jangwani, imekaa kama kifuniko cha sufuria, na mbele kuna milima. Ukungu hauna pa kwenda, unabaki kurashiarashia. Mvua kubwa si nyingi. Miti ndiyo inayoukamua ukungu, matone yanadondoka kutoka kwenye majani.

Ndiyo maana manahodha wa zamani, wakitoka kwetu kurudi Arabuni, walijitahidi kutangulia kabla kusi haijakaza na bahari haijafunga. Leo asubuhi tulikwenda Mughsail, nikaelewa walikuwa wakikimbia nini. Pale kuna mashimo kwenye mwamba, wimbi likiingia chini, maji yanaruka juu kwa mngurumo, yameniroanisha mpaka mtandio. Kuogelea hakuna. Bahari imekasirika.

Vichekesho viko barabarani. Magari ya Saudia, ya Emirati, ya Kuwait, watu wametembea siku nzima na zaidi waje kukaa kwenye matope! Wanatandika mikeka kwenye majani maji, wanateleka chai, manyunyu yanawaingia vikombeni, wanamshukuru Mungu. Sie masika tunaikimbia, wao wanaifuata kwa gari. Na bei za nyumba zinapanda vibaya. Tuliyopanga, mwenyewe alituambia bei moja kwa simu, tulipofika na watoto wamelala akatwambia nyengine. Tukalipa. Ungefanya nini saa nne ya usiku?

Lakini kando ya njia, haya, tazameni. Nageuza kamera. Mabanda yote yale yanauza madafu, ndizi, mapapai. Minazi inaota hapa, migomba inaota hapa. Ibn Battuta, yule msafiri wa zamani wa Moroko, mwaka 1331 alitoka Kilwa akaja na chombo mpaka huku, na ndizi na nazi za Dhofar alizieleza. Akaeleza pia kuwa wanyama wa huku wanalishwa dagaa. Nilidhani chumvi za wasafiri, kumbe mpaka leo dagaa wakavu ni chakula cha ng'ombe na ngamia. Mpwa wangu wa Pemba anayekataa dagaa, umesikia?

Na ule moshi mnaouona ni mishkak. Ndiyo mishikaki hiyo hiyo, herufi mbili tu zimepotea njiani.

Basi, kesho tunarudi. Tatizo langu moja: buibui nililolifua juzi halijakauka, linanuka unyevu kama nguo za masika. Nitalitandaza kiti cha nyuma. Tukishavuka mlima, hata Thumrait hatujafika, litakuwa kavu.