Mgane na Mzuka wa Nyumbani: Rossetti na Mkewe Lizzie

Wazee wangu, mabibi na mabwana, habari za jioni.

Mada niliyopewa ni mzuka. Najua wapo waliokuja kusikia habari za nyumba zenye majini na vyombo vinavyojigonga jikoni usiku wa manane. Mtanisamehe. Mimi ni mwalimu wa historia, na mzuka nitakaouzungumzia ni mmoja tu, ule ulioandikiwa barua, shajara na kumbukumbu za vikao na watu waliokuwa ndani ya nyumba yenyewe. Ulimsumbua mgane mmoja wa London, mchoraji na mshairi Dante Gabriel Rossetti. Mkewe alifariki Februari 1862. Yeye akaishi miaka ishirini zaidi, na sidhani kama alipata usiku mwingi wa kulala peke yake.

Rossetti alizaliwa London mwaka 1828, baba yake Mwitaliano aliyekimbia siasa za kwao. Akiwa na miaka ishirini alianzisha, pamoja na vijana wenzake akina Millais na Hunt, kikundi cha wachoraji kilichotaka kuipindua sanaa ya Uingereza. Vijana hao walihitaji wasichana wa kukaa mbele yao wachorwe, na mmoja wao wakampata kwenye duka la kofia za kike. Jina lake Elizabeth Siddal, Lizzie. Mrefu, nywele za rangi ya shaba, na maneno machache.

Picha iliyompa jina ni ya Millais, ya Ophelia, yule binti wa tamthilia ya Shakespeare anayekufa maji. Millais alimlaza Lizzie kwenye beseni kubwa la kuogea akiwa amevaa gauni, maji yakipashwa moto na taa za mafuta zilizowekwa chini ya beseni. Siku moja taa zikazimika. Millais hakuona, brashi iko mkononi, picha inanoga. Lizzie hakusema kitu. Alitoka mle akiwa ameganda, akaugua, na baba yake akamdai mchoraji pauni 50 za daktari. Angalieni hapo: hata kabla hajafa, kazi ya binti huyu ilikuwa kulala kama maiti ili wanaume wapate picha.

Rossetti akampenda, na hilo silitilii shaka. Alimchora mara zisizohesabika, akamfundisha kuchora, na Lizzie akawa mchoraji na mshairi kwa haki yake. Mhakiki John Ruskin alizithamini kazi zake kiasi cha kuahidi kumlipa pauni 150 kwa mwaka. Lakini ndoa? Ndoa ilipigwa danadana karibu miaka kumi. Kila ikikaribia, Rossetti anapata sababu. Walikuwepo na wanawake wengine. Huku nyuma Lizzie anaugua, na anatumia lodanamu, yaani kasumba iliyoyeyushwa katika pombe kali. Siku hizo iliuzwa dukani bila cheti cha daktari. Sheria ya kuibana ilikuja 1868, na kwake ilikuwa imechelewa.

Walifunga ndoa Hastings tarehe 23 Mei 1860, bibi harusi akiwa hoi. Fungate walikwenda Paris. Na huko, badala ya kuchora maua, bwana harusi alikaa akachora wapenzi wawili msituni jioni wanaokutana na watu wawili wanaofanana nao kama pacha. Mwanamke anazimia. Ulaya waliamini kwamba mtu akikutana na mfano wake mwenyewe, kifo kiko njiani. Fungate hiyo!

Mei 1861 Lizzie alijifungua mtoto wa kike aliyekwisha kufa tumboni. Rafiki yao Georgiana Burne-Jones alikwenda na mumewe kumpa pole, wakamkuta ameketi kwenye kiti kifupi, kitanda cha mtoto kitupu pembeni yake. Akawaambia wapunguze sauti, watamwamsha mtoto.

Sasa tufike usiku wenyewe. Tarehe 10 Februari 1862 Rossetti, Lizzie na mshairi Swinburne walikula chakula cha jioni hotelini, maeneo ya Leicester Square. Baadaye Rossetti alimrudisha mkewe nyumbani, Chatham Place, kando ya mto Thames, kisha akatoka tena. Mwenyewe alisema alikwenda chuo cha wafanyakazi alikokuwa akifundisha kuchora. Wasemao walisema mengine. Aliporudi kama saa tano na nusu usiku alimkuta mkewe hana fahamu, chupa ya lodanamu iko pembeni, tupu. Waliitwa madaktari wanne. Alfajiri haikumsaidia, alikata roho asubuhi ya saa moja na ushei. Baraza la uchunguzi likaamua ni ajali. Minong'ono ya kwamba alijiua, na kwamba palikuwa na kikaratasi kilichochomwa moto, haikukoma mpaka leo.

Siku ya mazishi Rossetti alichukua daftari la mashairi yake, nakala pekee ya mengi kati ya hayo, akaliweka ndani ya jeneza, kwenye nywele za marehemu. Alieleza kwamba mashairi hayo aliyaandika wakati Lizzie anaumwa, wakati ambao angepaswa kuwa kando yake akimuuguza. Basi na yaende naye.

Hapa naomba tusimame kidogo. Huku kwetu pwani, maiti ikishaswaliwa, hutoka mtu wa familia akatangaza: kama kuna anayemdai marehemu, aje kwetu tumalizane. Ni desturi ya busara. Lakini sijapata kumsikia mtu akisimama kusema, marehemu ananidai mimi. Ananidai jioni nilizotoka nikamwacha peke yake. Ananidai yale maneno niliyomwambia Jumanne. Deni hilo halina wa kupokea malipo, na ndilo Rossetti alilojaribu kulilipa pale jenezani kwa kitu chake cha thamani kuliko vyote. Ninachotaka kuwaambia jioni hii ni kwamba mzuka wake tuutafute hapo, kwenye malipo, tusiutafute darini.

Baada ya msiba alihama. Oktoba 1862 alichukua jumba kubwa pale Chelsea, namba 16 Cheyne Walk, akalijaza watu na wanyama: tausi, kakakuona, na wombati, mnyama mnene wa Australia aliyempenda kupita kiasi. Majirani walichoshwa na kelele za tausi. Mtu anayeogopa ukimya hufuga vitu vya ajabu. Na kwa masimulizi ya jamaa zake, miaka miwili ya mwanzo kila usiku Lizzie alimtokea.

Miaka hiyo London ilikuwa imeingiwa na wazimu wa kuita roho. Wasomi na mafundi, mabibi wenye majumba, wote walikuwa wakizunguka meza gizani. Rossetti naye akaingia. Watu hukaa, mikono juu ya meza, wanauliza, meza inajibu kwa kugonga. Mdogo wake William, karani wa serikali, mtu wa tarakimu na ushahidi, aliandika shajara ya vikao hivyo kati ya 1865 na 1868. Mimi hunichekesha na kunisikitisha kwa pamoja: ni kumbukumbu za mkutano kama za bodi, isipokuwa mjumbe mmoja ni marehemu shemeji yake. Rossetti anauliza, Lizzie anajibiwa kwa niaba na mbao za meza. Je, yeye ni mwenye furaha huko aliko? Swali kama hilo halitafuti habari. Ni mtu anaomba msamaha kwa mzunguko.

Kuna mama pale nyuma anatikisa kichwa. Ndiyo mama, najua, na hata dini zetu zinakataza. Lakini kabla hatujamwita mwendawazimu, nisikilizeni habari moja ya kitabibu. Mwaka 1971 daktari wa kawaida wa mji mdogo wa Llanidloes, Wales, jina lake Dewi Rees, alichapisha matokeo ya mahojiano aliyofanya na wajane 227 na wagane 66 wa eneo lake. Karibu nusu walikuwa wamewahi kumhisi, kumsikia, kumwona au hata kuzungumza na mwenza aliyefariki. Watu wazima, wakulima, walio na akili zao timamu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia daktari. Wengi hawakumwambia mtu yeyote. Na jambo lililonishika zaidi ni hili: wengi walisema hali hiyo iliwafariji. Mume yupo kitini pake, basi, mambo yanaendelea.

Kwa hiyo kumwona marehemu ni jambo la kawaida katika msiba, kama machozi. Tofauti ya yule anayefarijika na yule anayekimbia nyumba yake ni nini? Takwimu za Rees hazikuenda huko, kwa hiyo hili chukueni kama rai yangu. Naona tofauti ni ile hesabu iliyobaki wazi. Bibi wa Llanidloes hakuwa akidaiwa, au alidaiwa vitu vidogo vya ndoa yoyote. Rossetti alijua anadaiwa nini, na picha zake zinaonyesha. Ile maarufu kuliko zote aliyomchora Lizzie baada ya kufa, Beata Beatrix, ipo leo London kwenye jumba la Tate. Mwanamke amefumba macho, viganja wazi mapajani, na ndege mwekundu anamdondoshea ua jeupe. Ua hilo ni la mmea wa kasumba. Mchoraji amemtia mkewe mkononi ile dawa iliyomuua, akaiita picha takatifu.

Mwaka 1869 mambo yakaharibika. Macho yalimsumbua, akaogopa kupofuka kama baba yake, usingizi ukakata. Akiwa Penkill, Uskoti, alimkuta njiani ndege mdogo jamii ya chiriku ambaye hakuruka hata alipomwokota. Akamwambia mwenzake aliyekuwa naye, mchoraji William Bell Scott, kwamba huyo ni roho ya mke wangu, na kuna jambo litanipata. Scott hakujua atazame wapi.

Wakati huohuo alikuwa keshaamua jambo. Alitaka kuchapisha kitabu cha mashairi, na mashairi yenyewe yako kaburini. Kwa siri, kwa kibali cha waziri wa mambo ya ndani aliyekuwa akifahamiana naye, Oktoba 1869 kaburi la Lizzie pale Highgate lilifukuliwa usiku. Waliwasha moto pembeni. Rossetti hakwenda, alisubiri nyumbani kwa wakala wake Charles Howell, ndiye aliyesimamia kazi. Howell, mtu ambaye hata rafiki zake walimjua kwa uongo, alirudi na habari kwamba Lizzie hajaoza, bado ni mzuri, na nywele zake zimeendelea kukua mpaka zikajaza jeneza. Nywele za maiti hazikui. Lakini hebu fikirini kumpelekea maneno hayo mgane asiyelala.

Daftari lenyewe lilikuwa limelowa na linanuka. Daktari alilisafisha kwa dawa ukurasa kwa ukurasa kabla halijamfikia mwenyewe, na wadudu walikuwa wametoboa tundu katikati ya baadhi ya mashairi. Kitabu kikatoka 1870, kikauzwa vizuri sana.

Ninyi mnaelewa kilichotokea hapo. Alilipa, halafu akaidai fedha yake arudishiwe, tena kwa kumvunjia marehemu mlango.

Kuanzia hapo mzuka ulibadilika. Zamani alikuwa akimwita Lizzie. Sasa vilikuja vitu asivyoviita. Oktoba 1871 mhakiki Robert Buchanan, akijificha nyuma ya jina la bandia, aliyashambulia mashairi hayo kwamba ni ya kimwili na machafu. Mshairi mwingine angejibu gazetini akaendelea na chakula chake. Rossetti naye alijibu, lakini ndani alivunjika. Kufikia Juni 1872 alikuwa akisikia sauti zikimtukana, akiamini pana njama dhidi yake. Akichungulia kitabu kipya cha Browning, rafiki yake wa siku nyingi, anaona kimeandikwa kumsema yeye. Usiku mmoja mwezi huo alikunywa chupa ya lodanamu. Dawa ileile. Walimwokoa kwa shida.

Aliishi miaka kumi mingine kwa dawa ya usingizi iitwayo klorali, akiishushia na wiski, mapazia yamefungwa, wageni wachache. Msidhani alikaa bure. Alichora na kuandika mpaka karibu na mwisho. Ila waliomtembelea walisimulia nyumba ambayo mwenyewe ndiye aliyekuwa akitembea usiku.

Mnaweza kuniuliza, mtu kama huyu angesaidiwa vipi. Nawatazama wanaume waliomo humu. Kwetu Waislamu mjane ana eda yake, miezi minne na siku kumi, ana wanawake wa kukaa naye, ana mtu wa kumsikiliza akirudia habari ileile kwa mara ya hamsini. Mgane hana. Tanga likianuliwa wazee wanamwambia kaza moyo, na kabla mwaka haujaisha ameshatafutiwa mke. Rossetti alikuwa na marafiki hodari kuliko wengi wetu, wakamtafutia nyumba, wakakaa naye mezani kuuliza mbao. Katika maandiko yao yote niliyosoma sijakuta mahali ambapo mmoja wao alimwambia waziwazi: usiku ule ulitoka, na hukupaswa kutoka, tuzungumze. Walimhurumia mno, wakamwachia mzigo mzima.

Alifariki siku ya Pasaka, tarehe 9 Aprili 1882, Birchington, mji wa pwani ya Kent. Alikuwa ameacha agizo kwamba kwa hali yoyote asizikwe Highgate. Familia ikalitii, wakamzika hukohuko Birchington. Lizzie akabaki kwenye kaburi la ukoo wa Rossetti, pamoja na baba mkwe wake aliyefariki miaka sita kabla ya harusi.

Nasimamia hapo. Mama wa nyuma ndiye aanze, maana naona ana lake.