Moli kwanza, logi mwisho: pH katika titresheni ya asidi kali na besi kali

(Mhadhara kwa wanafunzi wa Kidato cha Sita, Chake Chake, Pemba)

Assalamu alaykum wanangu, nanyi walimu wenzangu mliotoka Wete na Mkoani.

Leo sina fomula mpya ya kukupeni. Nataka mtoke hapa na jambo moja: katika titresheni, yaani kutia besi kidogo kidogo kwenye asidi mpaka zimalizane, hesabu hufanywa kwa moli, kipimo cha wingi wa chembe. Logi huja mwisho kabisa.

Chukueni sentimita za ujazo 25 za asidi hidrokloriki ya molari 0.1, yaani moli 0.1 kwa kila lita. Kwenye bureti, ile neli ndefu yenye koki, tieni sodiamu haidroksaidi, nayo ya molari 0.1. Kabla hatujafungua koki, pH (logi ya ukolezi wa ioni za haidrojeni, alama imegeuzwa) ni 1, kwa sababu asidi hii ni kali: ndani ya maji inatoa ioni zake zote za haidrojeni. Moli zilizomo ni 0.1 mara lita 0.025, yaani 0.0025. Andikeni namba hiyo juu ya karatasi, ndiyo deni letu. Kila moli ya besi inayoshuka inalipa moli moja ya asidi.

Tumeshusha sentimita 10. Imeingia besi moli 0.001, asidi imebaki 0.0015. Hapa ndipo wengi wenu mnapokwama, madaftari yenu yanasema: mnagawa kwa 25! Jamani, kile kilichotoka kwenye bureti kimekwenda wapi? Kimo chupani humo humo. Ujazo sasa ni 35, na ukolezi ni 0.0015 gawanya kwa 0.035, karibu 0.043. Tafuta logi, geuza alama, utapata 1.37. Asilimia 40 ya asidi imekwisha na pH imesogea kidogo tu. Hata kwenye sentimita 24 bado tuko 2.69.

Sasa twende polepole, maana utamu wote uko hapa. Tone la bureti ni kama sentimita ya ujazo 0.05. Limebaki tone moja kufika 25: asidi iliyobaki ni moli 0.000005 ndani ya sentimita 49.95, na pH ni 4. Likianguka tone hilo, hakuna anayemdai mwenzake: pH 7. Angusha jingine, na sasa kilichozidi ni besi. Ukolezi wake ni 0.0001, pOH, yaani logi kama ile lakini ya ioni za haidroksaidi, ni 4; pH na pOH zikijumlishwa ni 14, basi toa kwenye 14, pH 10. Matone mawili tu, na ioni za haidrojeni zimepungua mara milioni moja!

Mkishapita 25, kumbukeni kuwa logi mnayopata ni ya haidroksaidi. Mwanafunzi anayetia besi huku jibu lake linasema pH 4 hajatoa kwenye 14.

Mruko huo mrefu ndio unaotupa uhuru wa kuchagua kiashiria, ile dawa inayobadilika rangi kutuonyesha mwisho. Fenolfthalini hubadilika kati ya 8.3 na 10, methili oranji kati ya 3.1 na 4.4, na zote mbili zinafaa hapa. Lakini zimueni asidi na besi hadi molari 0.01, methili oranji itamaliza kubadilika matone kama manne kabla ya wakati. Skuli zetu hupunguza ukolezi ili dawa zitoshe. Basi hapo shikeni fenolfthalini.

Na joto je? Ile 7 na ile 14 ni za nyuzi 25. Maabara zetu wakati wa kaskazi hufika 30 na zaidi. Kwa nyuzi 30 ile 14 huwa 13.83, na katikati yake ni 6.92. Mtihani ukinyamaza, tumieni 14. Mkipima wenyewe kwa mita, msiitupe kwa kusoma 6.9.

Haya, toeni karatasi. Asidi sentimita 20 za molari 0.2, besi ya molari 0.1. Nataka pH baada ya sentimita 30, 40 na 41. Nitapita meza kwa meza, na cha kwanza nitakachotazama ni ujazo mliogawanyia.