Mkanda wa Msasa Uende kwa Kasi Gani?

Ndugu mafundi, karibuni. Naona wengi mmekuja na madaftari, basi tuanze na hesabu, maana bila hesabu hii tutabishana hadi jioni.

Fundi wa visu akiulizwa mashine yake ya kusagia kwa mkanda wa msasa ina kasi gani, mara nyingi hutaja mizunguko ya mota. Hiyo siyo kasi ya mkanda. Kinachogusa kisu ni msasa, na mwendo wa msasa tunaupima kwa mita kwa sekunde. Chukua kipenyo cha puli iliyofungwa kwenye mota, yaani gurudumu linalouendesha mkanda, kiandike kwa mita, zidisha kwa 3.14, zidisha kwa mizunguko ya mota kwa dakika, halafu gawanya kwa 60. Puli ya milimita 100 kwenye mota ya mizunguko 2,850 inakupa karibu mita 15 kwa sekunde. Funga ya milimita 200, mota ile ile inakupa 30. Urefu wa mkanda haumo kabisa kwenye hesabu hii. Faida ya mkanda mrefu ni nyingine: punje za msasa zinapata nafasi ya kupoa kabla hazijarudi kwenye chuma.

Sasa, mita 15 au 30 zinamfanya nini kisu? Zinampa joto. Zidisha nguvu ya msuguano kwa kasi, utapata wati. Ukikandamiza hadi mkanda ukawa unakivuta kisu kwa nyutoni 20, kwa mita 30 kwa sekunde hizo ni wati 600. Kwa mita 8 ni wati 160. Karibu zote hugeuka joto, nalo linagawanywa baina ya cheche, mkanda na kisu. Chuma kikiwa bado kinene, joto lina pa kusambaa. Ukishafika kwenye makali ya nusu milimita, linabaki pale pale na kupanda ndani ya muda mfupi sana.

Na hapo ndipo visu vinapoharibikia. Chuma cha kaboni, baada ya kugumishwa kwa kuzamishwa kwenye mafuta, hupashwa tena hadi nyuzi 200 hivi za Selsiasi ili kisivunjike kama kioo. Ukikipeleka juu ya joto lile kwenye mashine, ugumu unaanza kushuka. Rangi zitakwambia: kwanza manjano hafifu, kisha kahawia, zambarau, na buluu ikikaribia nyuzi 300. Ukiona buluu kwenye makali, sehemu ile imeshalainika. Naomba hili mlishike: kuifuta rangi kwa msasa hakurudishi ugumu. Kisu kitang'aa vizuri, kitauzwa, na mnunuzi atakinoa kila siku bila kujua kwa nini makali hayakai. Huko ni kumdhulumu mtu. Kibaya zaidi, mkanda wenyewe huiondoa rangi kadiri unavyosaga, kwa hiyo kutokuiona si ushahidi kwamba makali yamepona.

Njia ninayoiamini ni hii. Chovya kisu kwenye maji, kitoe kikiwa bado na tone karibu na makali, kisha saga huku ukilitazama. Likianza kutoa mvuke, rudi kwenye ndoo. Maji huchemka kwenye 100, kwa hiyo bado uko mbali na hatari. Chuma cha pua hupitisha joto kwa shida zaidi kuliko chuma cha kaboni. Nacho kichovye mara nyingi zaidi.

Mtu atasema: basi tupunguze kasi kwa kila kazi, tuwe salama. Hapana, na hapa napingana na ushauri unaotolewa sana. Mkanda wenye punje za kauri wa namba 36 au 60 (namba ikiwa ndogo, punje ni kubwa) umetengenezwa ili punje zake zivunjike kidogo kidogo na kutoa ncha mpya. Unataka kasi, na unataka kukandamizwa. Ukiuendesha polepole na kuugusa kwa woga, ncha zinasuguka, uso wake unaanza kumeremeta, na kuanzia hapo unasugua tu bila kukata. Mkanda unaosugua huchoma kisu hata kwa mwendo mdogo, kwa sababu fundi huongeza kukandamiza akitafuta kile ambacho msasa hauna tena. Kwa hiyo kutoa umbo na kupunguza unene, chuma kikiwa hakijagumishwa, nenda mita 25 hadi 30. Mkanda ukichakaa, utupe. Chuma kikishagumishwa, kwa namba 120 hivi, mimi hushuka hadi 10 au 15.

Kwenye misasa laini, namba 400 na kuendelea, napenda mita 5 hadi 8. Punje hizo hukwangua kwa kina kidogo mno. Kasi kubwa inaongeza joto na kuziba mkanda. Pia kuna suala la mkono. Kwa mita 30, ukiteleza sehemu ya kumi tu ya sekunde, mita 3 za msasa zimeshapita pale ulipoteleza. Pale mteremko wa makali unapoanzia, karibu na mpini, kovu la namna hiyo halifutiki kirahisi. Mkanda wa ngozi wa kumalizia uwe wa polepole zaidi, na makali yaangalie kule mkanda unakoelekea. Ukiyageuza, yatauma ngozi na kisu kitarushwa.

Mpini wa mti nao unataka polepole na mkanda mpya, la sivyo unaungua na kuwa mweusi. Vumbi lake lisikusanywe pamoja na cheche za chuma, linashika moto.

Asiye na kidhibiti cha mwendo abadilishe puli. Aliye nacho ajue kwamba mota ikizunguka polepole, feni yake nayo huzunguka polepole, na ukisaga kisu kirefu kwa mwendo mdogo mota inaweza kuungua bila kelele yoyote. Weka mkono kwenye mwili wake mara kwa mara. Ikiwa haishikiki, izime ipoe, au uifungie feni ya pembeni yenye umeme wake.