Kambi Nerstrand: hema, kuni, na jinsi ya kung'oa garlic mustard na mzizi wake

Habari zenu wapendwa, karibuni. Leo tuko Nerstrand Big Woods, hifadhi ya jimbo la Minnesota, mwendo wa kama saa moja kusini ya Minneapolis. Kesho tunaelekea Itasca, mto Mississippi unakoanzia, lakini asubuhi hii tunajitolea kung'oa magugu, na hiyo ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote safarini.

Hema haraka haraka: turubai chini, hema juu yake, vigingi kwenye kona, ingiza fito, simamisha. Pindo za turubai zikunje ziingie chini ya hema. Zikitokeza nje, mvua inajaa hapo na maji yanakufuata kitandani.

Kuni nunua hapa hapa, usizibebe kutoka nyumbani. Mdudu anayeitwa emerald ash borer aligunduliwa Michigan mwaka 2002, na 2009 akaonekana Minnesota. Funza wake anajificha chini ya gome, anapanda gari lako pamoja na kuni, kisha anaua miti ya ash huko unakokwenda.

Sasa kazi yenyewe. Kwanza piga simu ofisi ya hifadhi, wakupangie siku na sehemu. Usiingie msituni kung'oa kwa kuamua mwenyewe, maana mimea ya humu inalindwa.

Hili hapa ndilo garlic mustard, gugu tunaloling'oa leo. Lilitoka Ulaya. Maua meupe, petali nne, majani ya pembetatu yenye meno. Likikutia shaka, sugua jani vidoleni... naam, kitunguu saumu kabisa!

Tazameni mkono wangu. Sishiki juu kwenye maua. Nashuka mpaka shina linapogusa udongo, nashika hapo, navuta taratibu kwenda juu. Taratibu! Ukilinyakua, linakatika shingoni, mzizi unabaki, na linachipua tena. Umeona? Mzizi umepinda karibu na juu, kama herufi S. Usipouona huo mpindo mkononi mwako, chimba, umebaki chini.

Kaka, sogea hapa uchukue karibu... ngoja, ngoja! Usikanyage hapo. Rudi nyuma. Elekeza kamera chini.

Jani hili lenye madoadoa ni yungiyungi la msituni. Kuna la kawaida, na kuna lile dogo, dwarf trout lily, ambalo duniani kote linaota sehemu hii ya kusini mwa Minnesota tu. Tangu 1986 lipo kwenye orodha ya Marekani ya mimea inayokaribia kutoweka. Majani ya yote mawili yanafanana mno, kwa hiyo usikanyage lolote. Magugu yakitanda, haya hayana pa kuota, na ndiyo maana tumeinama hapa tangu asubuhi.

Haya, tuendelee. Chini kabisa, taratibu, mzizi wote. Narudia: mzizi wote.

Ulilong'oa tia mfukoni papo hapo. Lenye maua usiliache chini, maana hata likiwa limeng'olewa linaweza kukomaza mbegu, na mbegu hukaa udongoni miaka. Funga mfuko, wakabidhi wafanyakazi wa hifadhi.

Mwisho, viatu. Futa tope lote kwa brashi kabla hujapanda gari, hasa kwenye nyayo, mbegu zinajibana humo, nasi hatutaki kuzipeleka Itasca. Kaka, na vyako pia.