Jinsi ya kumwandikia mtoto mwenye usonji hadithi yake mwenyewe, hatua kwa hatua

Haya jamani karibuni, leo tunaandika hadithi ya kijamii moja tu, yaani hadithi fupi ya kumweleza mtoto jambo linalomchanganya, mwanzo mpaka mwisho, kwa hiyo shika karatasi na peni, ukiwa na laptopu pia sawa. Hii njia ilianzishwa na mwalimu mmoja wa Marekani, Carol Gray, mwanzoni mwa miaka ya 1990, na watu wengi wanaikosea palepale mwanzoni, wanadhani ni hadithi ya kumkanya mtoto. Sio hivyo, hii kazi yake ni kumpa habari ambazo sisi tunazijua bila kufundishwa na yeye hajazipata.

Hatua ya kwanza usiandike chochote, kaa utazame. Tuchukue mtoto ambae kila mama yake akipokea simu anamvuta nguo na kumdakia maneno. Wengi watasema hana adabu huyu. Sasa hebu kaa pale alipokaa yeye: anamwona mama anaongea peke yake, mara ananyamaza, halafu anaongea tena, yule mtu wa upande wa pili hamwoni wala hamsikii, sasa akiona mama kanyamaza si anajua zamu yake imefika? Ukishalipata hilo hadithi umeshaipata nusu.

Hatua ya pili, andika. Angalieni hapa kwenye skrini, naisoma polepole:

"Mama anaongea na simu. Wakati mwingine simu ya mama inaita na mama anapokea. Kwenye simu kuna mtu anaongea. Mama anamsikia, mimi mara nyingi simsikii. Mama akinyamaza, huenda anamsikiliza huyo mtu. Nikitaka kitu, nitajaribu kumgusa mama mkono mara moja halafu nisubiri. Mama akiweka simu chini, nitamwambia ninachotaka."

Mmeona sentensi za kumwelekeza ni mbili tu hapo mwishoni, zingine zote zinaeleza. Ukiona maelekezo yameanza kuzidi maelezo, futa. Na hakuna "wewe usifanye hivi", ni "mimi", anaongea yeye. Kama unamwandikia mtu mzima basi tumia "watu" au "baadhi ya watu" na usimwekee vikatuni, mtu mzima ni mtu mzima. Halafu neno "siku zote" likimbie kabisa, weka "mara nyingi", maana wengi wenye usonji wanachukua neno kama lilivyo, ukiandika mama anamaliza baada ya dakika tano ikafika ya sita hapo umejitafutia kesi mwenyewe.

Picha: piga ya mama huyohuyo na simu hiyohiyo, nyuma kuwe peupe. Kukiwa na feni nyuma ya mama ataangalia feni, nakwambia. Asiyesoma mrekodie kwa sauti, asikilize huku anaangalia picha.

Hatua ya tatu kuisoma, na hapa ndio wengi wanaharibu, wanaitoa wakati mtoto ameshalia au kama adhabu. Soma akiwa ametulia, mkae pamoja, na usimtahini kama mwalimu wa hesabu, we soma "mama akinyamaza huenda anamsikiliza..." halafu kaa kimya uone kama atamalizia. Baadae mtu akapige simu kutoka chumba kingine, mama aweke spika ili mtoto aisikie ile sauti, halafu aizime spika aweke sikioni. Hiyo dakika moja inafanya kazi kuliko kusoma mara kumi.

Siku zikipita hakuna mabadiliko? Usimlaumu mtoto, rudi kutazama, pengine sababu uliyoikisia sio yenyewe. Na tafadhali usiandike hadithi ya kumzuia kupepea mikono akifurahi, hiyo inamuumiza nani?

Kitu kingine, Gray mwenyewe anataka angalau nusu ya hadithi zimsifu mtu kwa anachokiweza tayari, kwa hiyo ya simu ikiisha chukua karatasi nyingine uandike vile anavyopanga viatu mlangoni.

Akianza kumgusa mama mkono mwenyewe, ile sentensi ya "nitajaribu" toa, iliyobaki muachie kwenye faili lake aisome akitaka.