Farasi Hujifunza Mkono Unapoondoka

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kufika kusikiliza habari za kumfunza farasi kwa upole.

Waswahili tumemsema punda vibaya kwa miaka mingi. Asante ya punda ni mateke, twasema, na kwa kuwa farasi ni wa ukoo wake, lawama hiyo imemfikia na yeye. Lakini aliyekaa na wanyama hawa anajua kwamba teke ndilo neno lao la mwisho. Kabla yake masikio yamelazwa nyuma, mkia umekazwa, ngozi ya ubavuni imetetemeka na uzito wa mwili umehamishiwa mguu mwingine. Mnyama amesema mara nne, nasi hatukusikia.

Yeye anatusikia vizuri zaidi. Mwaka 1904 mji wa Berlin ulikuwa hauna gumzo ila la farasi aitwaye Hans, ambaye bwana wake, mwalimu mstaafu wa hesabu Wilhelm von Osten, alimfundisha kujumlisha na kutoa, naye akawa anajibu kwa kugonga ardhi kwa kwato. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na mwanasaikolojia Carl Stumpf haikuona ujanja wowote. Ni Oskar Pfungst, mwanafunzi wa Stumpf, aliyetambua kwamba Hans alishindwa pale muulizaji asipojua jibu, au alipozuiwa asimwone muulizaji. Kumbe mtu akishauliza huinamisha kichwa kidogo kuitazama kwato, na hesabu ikitimia hukiinua kwa kadiri ndogo mno, bila kujijua. Pfungst mwenyewe, hata baada ya kuijua siri hiyo, hakuweza kujizuia. Wengi walihitimisha kwamba Hans hakuwa na akili. Mimi naona walimdhulumu, kwa maana farasi aliyeweza kusoma mwendo ambao wanadamu waliosimama pembeni hawakuuona alikuwa na elimu yake, ila haikuwa ya hesabu.

Basi ikiwa farasi anatusoma hivyo, kumfunza kwa upole si suala la kumbembeleza wala kumjaza karoti. Mfunzaji huvuta kamba kidogo, hugusa ubavu kwa kidole, au husogea hatua moja, na wengi hudhani kwamba farasi hujifunza kwa msukumo huo. Msukumo humfanya atafute tu. Anachojifunza ni kile alichokuwa akikifanya pale msukumo ulipokoma.

Tuchukue kazi ya kuinua mguu ili kusafisha kwato. Mnyama ambaye uhai wake wategemea kukimbia hampi mtu mguu wake kwa urahisi. Nauweka mkono begani, naushusha polepole, na ikiwa nikifika gotini misuli inakaza, siondoi mkono wala siendelei. Nangoja hapo hapo, nikipumua taratibu, mpaka shingo iteremke na misuli ilegee, ndipo nauondoa mkono na kurudi nyuma hatua moja. Halafu naanza upya. Siku ya kwanza huenda nisifike kwatoni kabisa, na sioni hasara.

Nayasema haya kwa sababu nimewahi kukosea. Nilimwekea farasi jike mchanga blanketi ya kutangulia tandiko, akarukaruka, nami kwa huruma nikaiondoa upesi. Kesho yake ikawa vile vile. Siku ya tatu alianza kuruka alipoiona tu mikononi mwangu. Nilikuwa nimemfunza barabara, ila somo lenyewe silo nililolikusudia, na kulifuta kulinigharimu wiki kadhaa.

Wengine mtaniuliza habari za Monty Roberts, mfunzaji farasi wa Kimarekani aliyealikwa na Malkia Elizabeth wa Pili katika kasri la Windsor, Uingereza, mwaka 1989 kuonyesha njia yake. Humzungusha farasi katika uwanja wa duara, kisha humgeuzia bega na kuacha kumkodolea macho, naye farasi humjia na kumfuata. Inapendeza kuitazama, na ni bora mara mia kuliko kumfunga miguu na kumwangusha. Nina shaka na maelezo tu, yale ya kwamba mtu anazungumza lugha ya farasi wenyewe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney walifanya jaribio kama hilo kwa kigari cha kuchezea kinachoendeshwa kwa rimoti, kikawa kinamkimbiza farasi na kuacha kila anapokielekea, na farasi wakajifunza kukikaribia. Kigari hakina lugha. Kilichokuwapo ni nafuu iliyofika kwa wakati wake.

Je, imani ya farasi kwa mtu iko wapi? Naiona katika kutabirika: mkono ulioondoka jana aliposimama tuli, na leo uondoke anaposimama tuli, hata kama mwenye mkono ana haraka au ameudhika. Naongeza jambo moja kwa wenye farasi na punda wa kazi. Mnyama aliyekuwa mtulivu akianza ukaidi, tazameni kwanza meno, mgongo na namna tandiko lilivyokaa, kwa sababu maumivu hayatibiwi kwa mafunzo.

Sasa tutoke uani, farasi ametayarishwa. Naomba tumwendee kwa upande wa bega la kushoto, tusisimame nyuma yake wala mbele kabisa ya pua, mahali asipoona, na mwenye mwavuli aukunje kabla hatujafika.