Nimepiga kura Bristol kwa pasipoti ya Tanzania

Habari zenu ndugu zangu. Wakubwa wangu shikamooni, wadogo zangu hamjambo? Leo sitembei na kamera mjini, nimekaa hapa jikoni, chai yangu hii, kwa sababu kuna swali mmeniuliza wengi mno. Alhamisi ya tarehe 2 Mei 2024 niliweka video fupi niko nje ya kituo cha kupigia kura za madiwani hapa Bristol. Mkaandika: dada, wewe Mtanzania, unapigaje kura Uingereza? Umeukana uraia?

Sijaukana. Nimepiga kura kwa pasipoti hii hii, yenye nembo ya mwenge. Sheria ya hapa inasema raia wa nchi za Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kihalali, mwenye umri wa kutosha, akijiandikisha anapiga kura. Ya diwani, hata ya mbunge. Mtanzania, Mkenya, Mganda, Mnyarwanda, wote tumo. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi hawamo, mpaka wapate uraia wa hapa.

Kituo chetu kilikuwa ukumbi wa kanisa. Mama mmoja mtu mzima, miwani inaning'inia kifuani, alifungua pasipoti, akaangalia picha, akaniangalia mimi. Akaweka rula chini ya jina langu kwenye orodha, akalipigia mstari taratibu. Nikapewa karatasi. Kule kwenye kibanda kuna penseli imefungwa kwa uzi, unaweka X, unatumbukiza kwenye sanduku, kwisha. Hakuna wino wa kuchovya kidole. Nilitoka nje nikakiangalia kidole changu hakina doa, nikaikumbuka foleni ya shule ya msingi kule nyumbani, jua la saa nne, mama yangu na kanga yake mpya. Nyumbani siwezi kupiga kura nikiwa huku. Hilo linaniuma, nalisema wazi.

Sasa matokeo, yaliyotoka Ijumaa. Halmashauri ya Bristol ina kata 34 na madiwani 70, yaani kata nyingine ina madiwani wawili au watatu, si mmoja kama kwetu. Chama cha Kijani kimepata viti 34. Labour 21, Liberal Democrats 8, Conservative 7. Mwaka 2021 Kijani na Labour walikuwa sare, 24 kwa 24, na Conservative walikuwa na 14. Angalieni mwenendo huo! Labour nchi nzima walikuwa na siku nzuri, lakini hapa wamerudi nyuma.

Ila sikilizeni, wingi wa kuongoza peke yako ni viti 36. Kijani wamebakiza viwili tu, kwa hiyo lazima wakae mezani na wengine. Na safari hii hakuna meya mtendaji, yule aliyekuwa anachaguliwa na wananchi moja kwa moja kuuongoza mji. Marvin Rees, aliyechaguliwa mwaka 2016, baba yake Mjamaika, amemaliza muda wake, na cheo chenyewe kimefutwa, maana wananchi walikipigia kura ya kukiondoa mwaka 2022. Sasa mji utaendeshwa na kamati za madiwani. Mimi nilimpenda Rees. Mji huu ulitajirika kwa biashara ya watumwa, na kumwona mtu mweusi anauongoza kulikuwa na maana kubwa kwangu. Lakini kamati nazo naziunga mkono: diwani wa kata yangu atakuwa na sauti, hatasubiri mtu mmoja aamue.

Na diwani hapa ni mtu wa kubisha hodi. Mwezi Aprili walikuja mlangoni kwangu wagombea wa vyama viwili, kwa miguu, mvua inanyesha, vipeperushi mkononi. Mmoja nilimweleza kuhusu ukungu mweusi kwenye kuta za chumba cha mtoto na kodi ya nyumba inayopanda kila mwaka. Aliandika kwenye daftari lake. Hakunipa kofia wala fulana, aliniuliza maswali. Taka, nyumba za halmashauri, matunzo ya wazee, yote hayo yanapita mikononi mwa watu hawa, na Watanzania wangapi hapa wanalea wazee hao kwa shifti za usiku!

Kuna dada yetu mmoja, mtu wa Tanga, ana miaka tisa hapa. Nilipomwambia nimepiga kura alidhani natania. Miaka tisa analipa kodi ya halmashauri, hakuna aliyemwambia kuwa ana haki hiyo. Kwa uchaguzi huu tumeshachelewa, uandikishaji ulifungwa tarehe 16 Aprili. Lakini chaguzi nyingine zinakuja. Jumamosi akitoka kazini naenda kwake. Namba yake ya bima ya taifa anayo, anwani anayo, tunajaza fomu kwenye simu pale pale mezani kabla hajalala.

Wewe uliye Leicester, Reading, Birmingham, unayenitazama sasa hivi: jina lako limo?